Ulezi si Upelelezi

Maneno mawili ya Kiswahili, ulezi na upelelezi, yamekaribiana mno kwa sauti hata msikilizaji wa haraka akadhani la pili limezaliwa na la kwanza. Halikuzaliwa. Mlezi hukaa mbele ya mwana, akaonekana, akaulizwa na akajibu. Mpelelezi hukaa nyuma yake, na kazi yake huharibika siku ile anapoonekana. Hata hivyo wapo wazazi, wenye mapenzi ya kweli na hofu ya kweli, wanaofunga kwa siri ndani ya kompyuta na simu za watoto wao waliokwisha kubaleghe programu za kunakili kila kiandikwacho, kisha wakaliita tendo hilo malezi. Jina hilo halistahiki. Upelelezi wa namna hii haumkingi mtoto na hatari inayotajwa kuwa sababu yake, na unabomoa kitu ambacho nyumba ya pwani ilikijenga kwa karne nyingi na haitakipata tena kwa bei yoyote: imani ya mwana kwa mzazi wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 intaneti ilikuwa kitu cha kwendewa. Kijana wa Unguja, wa Mombasa au wa Lamu alikwenda kwenye duka la intaneti, akalipia dakika zake, na kioo alichokitazama kikaonwa na aliyeketi kiti cha pili. Nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani hii mwaka 2009, na simu za bei nafuu zikafuatia, mtandao ulihama dukani ukaingia chumbani, kisha ukahama chumbani ukaingia mfukoni. Jicho la jirani likatoweka. Hapo ndipo wafanyabiashara wa mbali walipomletea mzazi jicho jingine: programu isiyo na alama kwenye kioo, inayohifadhi kila herufi iliyoguswa, inayopiga picha ya kioo kila baada ya muda, inayoonyesha mtoto yuko mtaa gani, na inayoyapeleka hayo yote kwenye kompyuta ya kampuni ng'ambo ili mzazi ayasome kwa raha zake. Wapo wasiohitaji hata hiyo. Hungoja mtoto alale, wakachukua kidole chake na kukigusisha simu.

Hoja za wanaolitetea jambo hili si za kupuuzwa, na haifai kuzitaja kwa kuzidhoofisha. Wanasema kuwa ulimwengu umeharibika, na kwamba mtu mzima wa miaka arubaini anaweza kujifanya msichana wa kumi na tano, akamrai mtoto ampelekee picha, kisha akamtishia kwa picha hiyo hiyo. Hilo ni kweli, na limezitoa machozi nyumba za pwani kama za kwingineko. Wanasema kwamba simu imenunuliwa na mzazi na umeme unalipwa na mzazi. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Na mwisho wa yote husema lile neno ambalo kwao ndilo nguzo: mtoto hana siri mbele ya mzazi wake.

Yafaa kuanza na nguzo hiyo, maana ikianguka, mengine yatakuwa mapaa yasiyo na boriti.

Jamii ya Waswahili ni jamii ya hodi. Mgeni hubisha mara tatu, na asipojibiwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe ilijengwa kwa kufuata adabu hiyo: barazani huketi yeyote, daka humpokea mwenye shughuli, na ndani huingia aliyeruhusiwa. Kila hatua kuelekea ndani ni ruhusa mpya. Wala hodi haikuishia kwenye mlango wa nje. Surat An-Nur, ambayo watoto wengi wa visiwani husomeshwa chuoni, inataja katika aya ya 58 nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo wa nyumba hiyo hiyo waombe ruhusa kabla ya kuingia, na aya ya 59 inaongeza kwamba watakapobaleghe waombe ruhusa kama walivyoomba waliowatangulia. Atakayejibu kwamba aya hizo zinamwelekea mtoto na wala si mzazi, na atazame Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inayokataza dhana mbaya na kupelelezana katika pumzi moja. Kisha ajiulize ni adabu gani itakayomkaa mwana akiwa anafunzwa kubisha hodi na mtu ambaye usiku humwingilia kwa dirishani.

Hodi ingekuwa kitu cha bure kama ndani ya nyumba kusingekuwa na siri. Na siri si lazima iwe uchafu. Msichana wa miaka kumi na sita anayemwandikia shoga yake kwamba ameona haya darasani, au kwamba mama yake amemtia uchungu kwa neno alilolisema mbele ya wageni, hakufanya kosa lolote. Lakini maneno hayo yakisomwa na huyo mama, yamekwisha kuwa kosa. Mavulana wanaotaniana kwa lugha ya mavulana hawakudhamiria kusikilizwa na baba zao, kama vile baba zao walipokuwa barazani na rika lao hawakudhamiria kusikilizwa na babu zao. Wahenga walisema ukimchunguza sana bata humli. Hakuna kijana atakayechunguzwa kwa kila herufi yake akatoka safi, na hakuna mzazi atakayetoka safi akichunguzwa hivyo na mwanawe.

Ama hoja ya kwamba simu ni mali ya mzazi, jibu lake ni jepesi. Kitanda anacholalia mwana ni mali ya mzazi, na nguo anazovaa, na mlango wenyewe unaobishwa. Umiliki wa kitanda haujawahi kumpa baba ruhusa ya kuingia chumba cha binti yake bila hodi. Na samaki? Ni kweli samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini kumkunja si kumpasua matumbo, na samaki wa miaka kumi na sita si yule wa miaka sita. Mtoto wa miaka sita hushikwa mkono kuvuka njia. Wa kumi hutazamwa kutoka kizingitini. Wa kumi na sita huulizwa anakwenda wapi na atarudi saa ngapi, kisha huachwa aende. Anayemshika mkono wa kumi na sita kama wa sita hamwepushi na gari. Anamnyima kujifunza kuvuka, na njia kuu ipo inamngoja siku atakapokuwa peke yake.

Sasa ije hoja iliyo nzito, ya hatari. Mtu anayemtishia mtoto kwa picha ana silaha moja tu, nayo si picha. Picha yenyewe haina nguvu kama mtoto anaweza kutoka chumbani, akaenda jikoni, akasema: "Mama, nimefanya jambo la kijinga, na kuna mtu ananitisha." Silaha ya yule mtishaji ni hofu ya mtoto kwa watu wa nyumbani kwake. Ndiyo maana neno lake la kwanza huwa ni lile lile: nitampelekea baba yako. Nyumba ambayo mzazi hupeleleza ni nyumba iliyokwisha kumfanyia mtishaji nusu ya kazi. Mtoto amekwisha kujua, au atajua, kwamba watu wake humtazama kwa kumshuku. Amejifunza kufuta, kuficha, kutumia simu ya rafiki, kufungua jina la pili. Vijana hujua kompyuta kuliko wazee wao, na mchezo wa kuwindana humfunza mwindwa kuliko mwindaji. Siku ya balaa atakuwa hodari wa kujificha na mgeni wa kusema. Mzazi atakuwa na kurasa elfu za maongezi ya upuuzi, na ile barua moja iliyokuwa na sumu itakuwa imepita njia asiyoijua.

Huenda akasema mtetezi: lakini programu ingemwonyesha mapema. Yafaa basi kuwatazama wenyewe wauzaji wa jicho hilo. Kampuni ya EchoMetrix ya Marekani iliwauzia wazazi programu ya Sentry ili waone watoto wao wanaongea nini mtandaoni, kisha mwaka 2009 ikaanza kuwauzia wafanyabiashara wa matangazo bidhaa nyingine iliyochota humo humo katika maongezi ya watoto. Mwaka 2010 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliibana kampuni hiyo kwa kutowaeleza wazazi wazi wazi. Mwaka 2018 iligunduliwa kwamba kampuni ya TeenSafe iliacha hifadhi yake bila kufuli, na ndani yake mlikuwa na anwani za wazazi pamoja na maneno ya siri ya watoto yaliyoandikwa waziwazi, yakisomeka kama tangazo la ukutani. Mwaka 2019 tume ile ile iliichukulia hatua kampuni ya Retina-X, iliyouza programu za PhoneSheriff na TeenShield, baada ya mdukuzi kuingia katika hifadhi yake mara mbili kati ya 2017 na 2018 na kufikia ujumbe, picha na mahali walipo waliokuwa wakitazamwa. Basi mzazi aliyeogopa mgeni asizione picha za mwanawe alizikusanya mwenyewe, akazifunga kifurushi, akampelekea mgeni, na akalipa nauli.

Wala si ajabu. Watafiti wa Marekani waliochambua programu 75 za simu zilizokusudiwa usalama wa vijana, katika utafiti uliotoka mwaka 2017, waliona kwamba asilimia 89 ya nyenzo zake zilikuwa za mzazi kudhibiti na kutazama, na asilimia 11 tu ndizo zilizomsaidia kijana kujitawala mwenyewe. Bidhaa hufuata mkoba, na mkoba ni wa mzazi. Hofu yake ndiyo inayouzwa. Mtoto ni kisingizio.

Pwani hii imewahi kuiona hofu hiyo ikiwa na sura nyingine. Serikali ya Unguja ilipofungua skuli ya wasichana mwaka 1927, miongoni mwa pingamizi zilizosikika ni kwamba msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume barua za mapenzi. Kusoma kulikubaliwa, maana msomaji hupokea. Kuandika kulitisha, maana mwandishi hupeleka. Kalamu ilionekana kama mlango usio na bawabu. Leo hakuna mzee anayesimama hadharani kuilaani kalamu, na wajukuu wa wasichana wale ndio walimu, madaktari na watunzi. Barua za mapenzi ziliandikwa, bila shaka; na ambaye hakujua kuandika alisema kwa kanga. Leso zenye majina zilizovaliwa makusudi ili asome mmoja na wapite mia, na mashairi ya mafumbo ambamo mpenzi huitwa ua, ndege au jahazi, ni ushahidi kwamba jamii hii haikuwahi kuamini kwamba kila neno ni la kila sikio. Fumbo ni chumba chenye mlango, na ushairi wa Kiswahili kwa sehemu kubwa umelala humo.

Na kuna ushahidi mkubwa zaidi. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa na akijua kwamba hatamwona binti yake Mwana Hashima akikua, alitunga utendi wake mashuhuri. Yapo mengi ndani ya utendi huo ambayo msomaji wa leo anaweza kubishana nayo. Lakini mtu atazame alichokifanya: alimwita mwanawe akae karibu, alete wino na karatasi, akamwambia ana kwa ana yale aliyotaka ayajue. Alikuwa na hofu kuliko mzazi yeyote, maana mauti yalikuwa yakimngoja. Hofu hiyo hakuifanya kufuli wala tundu la kuchungulilia. Aliifanya maneno, akayatia mkononi mwa mwana. Shaaban Robert naye alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Utamaduni wenye kazi kama hizo kifuani hauna haja ya kuagiza kutoka ng'ambo namna ya kusema na mtoto. Una haja ya kukumbuka.

Tena wakale walijua kitu ambacho mzazi wa leo hukataa kukijua: kwamba yapo mambo ambayo kijana hawezi kumwambia mzazi, na hilo si utovu wa adabu bali ni adabu yenyewe. Ndiyo maana palikuwa na somo, palikuwa na kungwi, palikuwa na bibi mwenye utani na wajukuu zake. Msichana alikuwa na mtu mzima mwenye akili wa kumwuliza alichoona haya kumwuliza mamake, na mama hakumwendea somo usiku kumwuliza mwana kasema nini. Alijua kwamba akiuliza, chemchemi itakauka. Leo somo ametoweka katika nyumba nyingi, shangazi yuko mji mwingine, bibi ameachiwa televisheni. Na mahali pao pakatiwa programu. Kisha watu hushangaa kwa nini kijana huyapeleka maswali yake kwa wageni wa mtandaoni.

Pana dhuluma moja zaidi ambayo watetezi hawaitaji. Upelelezi huu haugawanywi sawa. Kijana wa kiume wa miaka kumi na sita huachwa na simu yake mpaka usiku wa manane, wala hapana anayeuliza ametazama nini au amemwandikia nani. Dada yake hupokonywa simu, na mara nyingi anayetumwa kuikagua ni huyo huyo kaka. Msichana huwa mtuhumiwa, mvulana huwa askari, na hakuna kati yao anayelelewa. Kama hatari ndiyo sababu, mvulana naye hutishwa, naye hulaghaiwa, na pengine ndiye anayejifunza kutisha wengine. Inapoonekana kwamba ulinzi umemfuata mmoja ukamwacha wa pili, ni wazi kinacholindwa ni jina la ukoo, si mtoto.

Na wapenzi wa mashairi wana sababu yao mahususi ya kulichukia jambo hili. Mtunzi hazaliwi jukwaani. Huzaliwa katika daftari lililofichwa, katika beti mbovu ambazo vina vyake vimelegea na mizani imepinda, alizoziandika akiwa na miaka kumi na minne kwa ajili ya mtu ambaye hatamwonyesha kamwe. Daftari hilo leo ni faili katika kompyuta au ujumbe aliojiandikia mwenyewe kwenye simu. Kijana anayejua kwamba kila herufi yake ina msomaji wa pili kabla haijakauka, haandiki, hunakili yanayokubalika. Atakuwa mtoto asiye na kosa, na lugha itakuwa imempoteza.

Je, mzazi akae kimya basi? Hasha. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa kioo ni mwalimu mkali. Mzazi ana haki, na ana wajibu, wa kuweka sharti: kompyuta ikae ukumbini na si chumbani, simu zote za nyumba, na za wazee zimo, zilazwe mahali pamoja saa ya kulala, mtoto mdogo asifungue akaunti bila mkubwa kuwa naye. Anaweza kutumia hata programu ya kupima muda, mradi mtoto aijue, aione na aelezwe sababu. Sharti la wazi ni mlango. Mtoto huliona, hulinung'unikia, huligombania, na katika kuligombania hukua. Na dalili za balaa zinapojitokeza, mtoto amekataa chakula, halali, hutetemeka ujumbe ukiingia, anaomba pesa zisizo na maelezo, anatamka kwamba heri afe, hapo mzazi aingie bila kungoja. Lakini aingie kwa mlango: "Nina hofu juu yako. Lete simu, tuitazame pamoja." Akishaona, asipige kelele, asimlipe mtishaji, asifute ushahidi, aende polisi, au apige 116, namba ya huduma kwa mtoto inayotumika Tanzania na Kenya. Hata mwokozi anayevunja mlango wa nyumba inayoungua hupiga ukelele kwanza.

Hayo ndiyo pia ambayo dunia imeyakubali kwa maandishi. Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na Kenya mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, kinamkinga mtoto na kuingiliwa kiholela faragha yake na mawasiliano yake. Kifungu cha 5 kinamwachia mzazi haki ya kuongoza kulingana na kukua kwa mtoto. Mwaka 2021 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilieleza kwamba utazamaji wa mzazi katika mambo ya mtandao uwe wa kiasi na ufuate umri na uwezo wa mtoto. Hakuna mgeni hapo. Ni hodi ile ile, imevaa suti.

Mtoto atatoka nyumbani siku moja, na siku hiyo programu zote zitabaki nyuma. Atakachokwenda nacho ni kile alichokiona akifanyiwa. Aliyebishiwa hodi atajua kwamba ana mlango, atajua kuufunga mbele ya laghai, na atajua ni mlango upi wa kurudi kuubisha akipatwa na shida.

Mlangoni ukifika, hodi kwanza ubishie,
Karibu ikisikika, kwa upole uingie,
Amana ikivunjika, gundi gani uitie?
Ulezi, upelelezi, havikai nyumba moja.